Kompyuta ya Gemu Huanzia Ukutani

Kijana wa kisa hiki hana jina. Nimemtunga ili abebe peke yake makosa ambayo kwa kawaida hufanywa na watu wengi, kila mmoja na lake. Mji anaoishi sikuutunga, wala umeme ulioiunguza mashine yake, wala kadi aliyouziwa. Vyote vipo, na yeyote aliyewahi kununua kompyuta Kolwezi, Likasi, Lubumbashi au Kariakoo atavitambua.

Anaishi komuni ya Manika, mjini Kolwezi, na anafanya kazi kwa mkandarasi anayehudumia migodi. Mwaka mzima ameweka akiba, akichagua noti safi kwa sababu dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa Kongo, mpaka zikatimia dola 600. Anataka kompyuta ya gemu. Jioni atacheza mwenyewe, na siku za mapumziko vijana wa mtaa watalipa kwa mechi, kama wanavyolipa katika vyumba vya PlayStation. Hii si ndoto ya kipuuzi. Mashine nzuri hurudisha gharama yake, na humfungulia mwenyewe njia ya kuhariri video, kuchora ramani na kuandika programu. Ndiyo maana kuipoteza kunauma.

Alianza kununua kile kinachoonekana. Kwanza alichukua keisi ya kioo yenye feni nne za taa za rangi, kwa kuwa hiyo ndiyo wateja watakayoiona. Kisha akasimama mbele ya kabati la kadi za picha, na mazungumzo hayakuwa marefu.

"Mukubwa, hii kadi iko na giga ngapi?"

"Giga munane, muloko. Ni RX 580. Inacheza magemu yote."

"Na pawa saplai?"

"Iko mu keisi. Wati mia tano. Nakupatia bure."

Akaongeza prosesa iliyoandikwa Core i7 pamoja na ubao mama wake, kipande kimoja cha RAM cha giga 16, na SSD ya terabaiti mbili kwa bei ambayo ingepasa kumshtua. Dola 600 zikaisha zote. Hakubakiza hata ya stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti. Nyumbani akaichomeka mashine kwenye ekstensheni ileile iliyolisha friji na televisheni.

Ikawaka, taa zikapendeza, wateja wakaja. Lakini kila gemu lilipokuwa zito, mashine ilizimika ghafla, ikajiwasha tena. Akalilaumu gemu. Mafaili aliyonakili yakaanza kuharibika. Akakilaumu kirusi. Kisha usiku mmoja wa masika umeme ukakatika mtaa mzima, naye akalala bila kuchomoa waya. Uliporudi, kikasikika kishindo kidogo ndani ya keisi, ikafuata harufu ya plastiki iliyoungua. Asubuhi mashine haikuwaka.

Kabla ya kuifungua, tuuangalie umeme wenyewe, kwa kuwa umeme ndio wa kwanza kuchaguliwa ingawa hauuzwi kwenye kabati. Kolwezi si mji uliosahauliwa na nyaya. Mto Lualaba una bwawa la Nzilo la megawati 108 na bwawa la Nseke la karibu megawati 250, yote ya miaka ya 1950. Laini kubwa ya volti 500,000 iliyokamilishwa mwaka 1982 inatoka Inga, karibu na bahari, inapita takriban kilomita 1,700 na kuishia hapahapa Kolwezi. Bwawa jipya la Busanga, la megawati 240, limejengwa hasa kwa ajili ya mgodi wa Sicomines. Umeme wote huo una wateja wakubwa: vinu, pampu na matanuri ya shaba na kobalti. Nyumba za Manika na Dilala hupata kinachobaki, na hukipata kwa delestaji, leo upo, kesho haupo.

Kukatika peke yake si hatari kubwa kwa kompyuta. Hatari iko katika kurudi. Umeme ukirudi, kila friji, kila pampu na kila mota ya mtaa huamka kwa pamoja. Volti hushuka, hupanda, huyumba, na mara nyingi hukaa mbali na 220 zinazotakiwa. Kati ya Oktoba na Aprili radi za Katanga huongeza yao. Katika mazingira hayo, pawa saplai ndiyo mlinzi wa mlango. Mlinzi akiwa wa bure, utajua gharama yake siku wezi watakapokuja.

Mashine ikapelekwa Dilala kwa fundi mmoja wa kike anayetengeneza stabilaiza na UPS, yaani betri zinazoshika umeme unapokatika. Aliifungua mbele ya mwenyewe, kipande baada ya kipande.

Alianza na pawa saplai, akaipima mkononi. Ilikuwa nyepesi. Ndani, transfoma ilikuwa ndogo, vipoza joto vilikuwa vibati vyembamba, na pale ambapo koili za kuchuja umeme mchafu zilipaswa kukaa, kiwanda kilikuwa kimeunganisha kwa vipande vya waya tu. Kinga ya kumeza volti za ghafla haikuwepo kabisa. Transfoma na koili ni shaba, na shaba ni pesa. Anayetaka kuuza pawa saplai kwa bei ya soda huanza kwa kuondoa shaba. Hata nyaya zake huweza kuwa alumini iliyopakwa shaba juu.

Kisha akamwonyesha kijana lebo ambayo hakuwahi kuisoma. Kwa herufi kubwa iliandikwa wati 500. Kwa herufi ndogo, kwenye safu ya volti 12, iliandikwa ampea 16. Prosesa na kadi ya picha hunywa karibu umeme wao wote kutoka safu hiyo ya volti 12, na hesabu yake ni ya darasa la msingi: 12 mara 16 ni wati 192. Sasa ongeza mahitaji. Prosesa yake imekadiriwa wati 95. Kadi yake hula takriban wati 150. Jumla ni 245, bado feni na diski. Siku zote zile mashine ilipozimika katikati ya gemu, haikuwa kosa la gemu. Pawa saplai ilikuwa inaomba msaada, na usiku wa kishindo ilikufa pamoja na ubao mama kwa sababu haikuwa na kinga ya kuzuia volti mbovu zisipite.

Kadi ilipona, na hilo lilitoa nafasi ya kuipima kwenye mashine nyingine. Programu ya bure iitwayo GPU-Z ikasoma kilicho ndani: RX 580 2048SP. RX 580 kamili, iliyotoka Aprili 2017, ina viini 2,304. Hii ya 2048SP, ambayo AMD ilianza kuiuza China mwaka 2018, ina viini 2,048, sawa na RX 570, kadi ya daraja la chini. Si bandia, lakini si ile aliyodhani ameilipia. Tena mafuta ya kupoza yalikuwa yamekauka kama chokaa na feni zilikuwa zimelegea. Kadi nyingi za aina hii zilifanya kazi usiku na mchana zikichimba sarafu ya Ethereum, mpaka tarehe 15 Septemba 2022 mfumo huo ulipobadilishwa na uchimbaji wake wa kutumia kadi ukaisha kwa siku moja. Kadi hizo hazikutupwa. Zilisafishwa, zikatiwa katika maboksi mapya, zikasafirishwa.

Yupo mwenye bahati mbaya zaidi yake: anayeuziwa GTX 1050 Ti ambayo ndani ni chipu ya zamani, kama GTS 450 ya mwaka 2010, iliyoandikwa upya programu yake ili idanganye jina. Dalili moja huonekana kwa macho. Chipu halisi ya 1050 Ti haitoi ishara ya analogi, kwa hiyo ukiona kadi ya jina hilo ina mlango wa bluu wa VGA, rudi nyuma. Dalili ya pili hutolewa na GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 huandika wazi kwamba kadi ni bandia inapoitambua.

Prosesa ilikuwa Core i7 kweli, lakini i7-2600 ya mwaka 2011. Herufi "i7" humwambia mnunuzi daraja katika familia, hazimwambii umri. Core i3-12100F ya mwaka 2022, yenye viini vinne vilevile, huipita mbali na hula umeme pungufu. Umri una gharama nyingine. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na kinga ya usalama ya TPM 2.0. Gemu kama Valorant, kwenye Windows 11, hukataa kufunguka bila TPM 2.0 na Secure Boot. Kwa hiyo kijana alinunua mlango ambao magemu yalikuwa yameanza kuufunga.

SSD ya terabaiti mbili ilipimwa kwa programu ya H2testw, ambayo hujaza diski yote kisha husoma ilichoandika. Ilijaa mapema sana, kisha ikaanza kuandika juu ya vilivyokuwamo. Chipu ndogo ilikuwa imefundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa wake. Kirusi hakikuwepo.

Fundi akaweka bisibisi chini.

"Muloko, ulipima hivi vitu mbele ya kulipa?"

"Hapana, yaya. Vilikuwa mu karatoni, vipya."

"Kule Musompo wanalipa gunia, ama wanalipa kile kiko mu gunia?"

Kijana hakuwa na la kujibu, kwa kuwa jibu alilijua tangu utotoni. Katika depo za Musompo, nje kidogo ya Kolwezi, hakuna mnunuzi anayelipa gunia la madini kwa rangi yake. Hutoa kifaa kinachoitwa Metorex, hupima asilimia ya shaba au kobalti iliyomo, ndipo bei itajwe, na mchimbaji mwenye akili hupima mahali pengine kwanza ili asidanganywe. Mji mzima unaishi kwa kanuni hiyo. Kijana huyu, aliyekua katikati yake, alinunua kompyuta kwa kuangalia gunia.

Tusimdhihaki. Vitu vya kompyuta hufika Kolwezi kwa njia ndefu: kutoka Guangzhou au Dubai, hadi bandari ya Dar es Salaam, kwa malori kupitia Zambia, mpakani Kasumbalesa, Lubumbashi, kisha kilomita 300 nyingine. Kila mkono unaongeza bei na kila mkono unapunguza habari. Muuzaji wa mwisho mara nyingi hajui mwenyewe kilichomo ndani ya boksi, na dhamana ya kiwanda hairudi njia hiyo yote. Kwa sababu hiyohiyo, mnunuzi wa hapa anapaswa kuwa makini kuliko mnunuzi wa Ulaya. Yule akikosea hurudisha kwa posta. Huyu akikosea, hasara ni yake.

Sasa tuseme dola 600 zimepatikana tena. Zitumike vipi? Zitumike kuanzia ukutani, kufuata njia ambayo umeme wenyewe unapita.

Anza na soketi. Hakikisha nyumba ina waya wa ardhi, yaani waya unaotoka kwenye fimbo ya shaba iliyozamishwa udongoni na kufika kwenye soketi kweli. Nyumba nyingi zina tundu la tatu lisilounganishwa na chochote. Fundi umeme hupima jambo hilo kwa dakika chache. Bila ardhi, hata kinga nzuri haina pa kuupeleka umeme uliozidi.

Kisha nunua stabilaiza au UPS yenye stabilaiza ndani, na ujue kusoma namba zake. UPS huuzwa kwa VA, na VA si wati. Kwa UPS za bei nafuu, chukua takriban asilimia 60: iliyoandikwa VA 1,000 hubeba kama wati 600. Stabilaiza haizuii radi. Mawingu yakikusanyika, chomoa waya. Umeme ukirudi baada ya kukatika, subiri dakika chache mtaa utulie kabla ya kuwasha.

Kisha pawa saplai ya kiwanda kinachojulikana, ya wati 450 hadi 550, yenye alama ya 80 Plus, ambayo ina maana kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia hutoka kama kazi na kilichobaki tu ndicho joto. Soma safu ya volti 12 na upige hesabu: katika pawa saplai ya kweli, safu hiyo peke yake hubeba karibu wati zote zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Uzito pia husaidia, lakini usiutegemee peke yake, kwani wapo wanaoweka kipande cha chuma ndani ili kudanganya mkono. Kwa vitu hivi vitatu, yaani ardhi, stabilaiza na pawa saplai, ningetenga angalau dola 120 kati ya 600. Atakayeona nyingi akumbuke kwamba vifaa hivi hubaki hata prosesa na kadi zitakapobadilishwa.

Baada ya umeme, prosesa. Kwa bajeti hii ningechagua ile yenye picha ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021: viini sita, wati 65, na uwezo wa kuonyesha gemu bila kadi yoyote. Itacheza Valorant, GTA V na magemu ya mpira kwa picha za kiwango cha chini au cha kati, na mashine nzima itakula wati mia na kidogo. Mzigo huo UPS ndogo inauweza, na hata jenereta ndogo inauweza. Ubao mama wa soketi ya AM4 utapokea kadi baadaye, akiba ikikua.

RAM iwe vipande viwili vya giga 8, si kimoja cha 16. Prosesa yenye picha ndani hutumia RAM kama uwanja wake wa kuchorea, na vipande viwili huifungulia njia mbili badala ya moja. Tofauti huonekana gemu linapokimbia. Tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani kote, kwa sababu viwanda vinapeleka chipu zao kwenye vituo vya akili mnemba. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na chapa yake ya Crucial iliyowauzia watu wa kawaida. Kwa hiyo RAM iliyotumika itazidi kuzunguka sokoni. Si vibaya kuinunua, mradi ipitishwe kwenye MemTest86, programu ya kupima RAM, bila kosa hata moja.

SSD ya giga 500 ya kweli ni bora kuliko ya terabaiti mbili za uongo. Gemu kubwa la siku hizi huweza kuzidi giga 100, na kwa bei ya bando la simu, kulipakua mara mbili ni hasara kubwa kuliko tofauti ya bei ya diski.

Kadi ya picha ije mwisho, ikiwa pesa ipo au ikija. Kwa mwanzo, GTX 1650 ya mwaka 2019 hula wati 75, na matoleo yake mengi huchukua umeme wote kutoka kwenye ubao mama bila waya wa ziada. Keisi iwe ya bati lenye matundu na vichujio vinavyotoka na kuoshwa. Kiangazi cha Lualaba kina vumbi jekundu la barabara za malori, na kioo mbele ya feni huzuia hewa.

Wapo watakaopendelea kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex, na waongeze kadi. Ni njia halali kwa mwenye dola chache zaidi, lakini waulize mapema habari za pawa saplai. OptiPlex 9020 ya mwaka 2013 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Ina yake ya pini 8. Pawa saplai ya kawaida haitaingia bila adapta, na ile ya asili ni dhaifu kwa kadi kubwa.

Juu ya yote hayo kuna kanuni ambayo haigharimu hata faranga: pima kabla ya kulipa. Nenda na flashi yenye GPU-Z, H2testw na MemTest86. Omba mashine iwashwe, gemu zito lichezwe nusu saa, joto lisomwe. Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti jina kamili la kila kifaa, si "kadi giga 8" bali "RX 580, viini 2,304", na kwamba atakipokea tena kifaa kikionekana si hicho. Muuzaji mwaminifu hataudhika, kwa kuwa kipimo humlinda naye dhidi ya aliyemuuzia. Na akikataa kuiwasha, mshukuru, funga pochi, uende duka jingine.